Kumpunguzia Mama Muzee

Kazi yangu ni kutengeneza filamu za harusi. Watu wa mji wetu wa Bunia wakioana, mwenzangu mmoja huenda na kamera, anachukua kila kitu tangu bibi arusi anaposukwa nywele mpaka wazee wanapoanza kusinzia kwenye viti vya plastiki, kisha ananiletea vyote nyumbani kwangu, mtaa wa Ngezi. Mimi nakaa sebuleni, nakata, naunganisha, natia nyimbo, nawatia mwanga waliosimama kivulini, na kwa siri napunguza hotuba za wajomba.

Mashine ninayofanyia kazi hiyo ni kompyuta ndogo ya kubebeka. Ililetwa kutoka Kampala ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, ambaye nadhani hakuwa mpole. Vitufe viwili vilikuwa vimefutika herufi, na bawaba ya kifuniko ililia kila unapoifungua. Kwa sababu ya uzee wake, mimi na mwenzangu wa kamera tuliipa jina la Mama Muzee. Ulikuwa utani tu, lakini jina lilishika, na tangu hapo hatukusema tena "inafanya kazi", tulisema "anafanya kazi". Hatukusema "imezimika", tulisema "amezimia". Naomba msomaji alikumbuke jambo hili dogo la lugha, maana ndilo lililonifikisha mbele ya wakwe zangu kama mshitakiwa.

Tabu ya Mama Muzee ilikuwa joto. Nikimpa filamu ndefu aitoe ikiwa imekamilika, feni yake ya ndani ilinguruma kama mashine ya kusaga mihogo, na ukimpakata, unainuka na alama nyekundu mapajani. Mara nyingi alivumilia mpaka karibu na mwisho, halafu akazimika ghafla, nami nikaanza upya. Nilimweka juu ya vifuniko vya sufuria ili apate hewa chini. Nilimweka juu ya jani la mgomba lililoloweshwa maji, ushauri niliojipa mwenyewe, na uliotuachia mezani doa la kijani ambalo mke wangu bado anawaonyesha wageni. Fundi mmoja wa mjini alimfungua, akapuliza vumbi, akampaka dawa mpya ya kupitisha joto. Ilisaidia kidogo, kisha mambo yakarudi yale yale.

Dawa iliyobaki ilikuwa kujipunguzia joto mimi mwenyewe. Nilifanya kazi kwa kaptula na singlendi, mlango wazi, miguu kwenye beseni la maji. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hayupo nyumbani mchana, kwa hiyo aibu yangu haikuwa na shahidi.

Kisha akaja mama mkwe.

Alikuwa mkulima wa upande wa Djugu, mjane, mtu aliyelisha watoto wake wote kwa mikono yake mpaka vita vilipomwondoa shambani. Kwanza alikaa katika kambi ya waliohama, chini ya plastiki, na mke wangu alipomkuta huko alimleta kwetu siku hiyo hiyo bila kuniuliza, na alifanya vema, maana hakukuwa na la kuulizwa. Alikuwa mama mnyamavu, mrefu, mwenye kutembea taratibu kama aliyebeba kitu kichwani hata asipobeba. Tulimpa chumba cha nyuma. Mchana alipenda kukaa uani, chini ya dirisha la sebule, ambako kuna kivuli, akimenya mihogo au akichambua sombe, majani yake.

Kwetu mwanamume hakai na kaptula mbele ya mama mkwe wake. Singlendi ndiyo hata haitajwi. Beseni la maji lilirudi jikoni, nami nikaanza kufanya kazi nimevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, nimefunga vifungo vyote, kama mtu anayesubiri kuitwa kutoa ushahidi. Kati ya Mama Muzee na mimi, sijui nani alikuwa anachemka zaidi. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta dawa ya kweli.

Niliipata kwenye mtandao, katika maandishi ya watu wanaopenda sana kompyuta na ambao, kwa namna walivyoandika, hawakuwa na mama mkwe. Walieleza hivi. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kipande kinachofanya mahesabu yote. Kiwandani prosesa zote hupewa umeme zaidi kidogo ya unaohitajika, kwa sababu hazifanani, na hakuna mwenye muda wa kuzijaribu moja moja kwa makini. Ziada hiyo haiongezi mwendo, inageuka joto tu. Kwa hiyo mtu anaweza, kwa programu ndogo, kupunguza nguvu ya umeme unaoingia kwenye prosesa: anashusha kidogo, anaipa kazi nzito, anatazama. Ikiendelea vizuri, anashusha tena. Ikizimika au skrini ikigeuka bluu, basi amepita kiasi, anarudisha juu kidogo. Kazi inabaki ile ile, joto linapungua. Mashine nyingi za siku hizi zimefungiwa mlango huo, lakini Mama Muzee alikuwa wa zamani vya kutosha.

Siku ya kwanza nilisali. Sitanii, nilisali, kisha nikasogeza alama ya kipimo cha umeme kwenye skrini kidogo sana upande wa kushoto, kuushusha. Hakikutokea kitu. Nikasogeza tena, nikampa harusi nzima aitoe, pamoja na wacheza ngoma. Feni ilianza kunguruma kama kawaida, halafu ikashuka, ikashuka, mpaka nikasikia kuku wa jirani. Filamu ilitoka nzima nzima bila kuzimika.

Sikuwa nimegundua kitu. Nilikuwa nimesoma maneno ya mtu mwingine na kusogeza alama kwa kidole kimoja. Lakini nilitoka nje, nikasimama mlangoni na mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kujenga daraja. Nilimweleza jirani, ambaye alikuwa anafua. Nilimweleza muuza sabuni wa dukani. Baada ya ibada niliwaeleza wanaume wawili wa kwaya, na mmoja aliniuliza kama dawa hiyo inafaa kwa pikipiki. Niliwaeleza kwa mfano wa chakula, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba mimi ni mwalimu mzuri: mtu anapewa sahani kubwa kuliko tumbo lake, ziada inamchosha bure, mpunguzie, atafanya kazi ile ile.

Zaidi ya wote nilimweleza mwenzangu wa kamera, kwa simu, karibu kila siku, nikiwa nimekaa pale sebuleni karibu na dirisha. Nilijisikia kama daktari anayetoa habari za mgonjwa.

"Mama Muzee alikuwa anakula mingi kupita kazi yake," nilimwambia. "Sasa niko namupunguzia kidogo kidogo. Hata hajui."

Wiki iliyofuata nilimpa habari nyingine: kwamba nimempunguzia tena, wala hajalalamika. Kisha siku moja nikasema amezimia mbele yangu, nikamrudishia kidogo, akaamka, na kesho nitajaribu tena kumshusha. Mwenzangu aliingiwa na wasiwasi, akauliza kama sitamuua. Nikacheka, nikasema kwa sauti ya mtu asiyeogopa hasara:

"Akikufa nitaagiza mwingine Kampala."

Siku hizo hizo niliona kwamba mama mkwe amebadilika. Alikuwa anaamka kabla yetu, na nilipofungua mlango asubuhi nilikuta ua umefagiwa mpaka kwenye uzio, maji yamechotwa, viatu vyangu vimepanguswa vumbi, jambo lililonitia aibu lakini si kiasi cha kunifanya niulize. Mezani alichukua kipande cha bugali kisichojaza kiganja, akasema ameshiba. Tukimsukumia bakuli la sombe alilirudisha kwa adabu. Mimi, mwenye macho ya kuona joto la prosesa likishuka digrii moja, nilimwambia mke wangu kwamba mama yake ni mtu wa maombi sana, bila shaka amefunga. Mke wangu alinitazama akanyamaza. Nilidhani amekubali.

Jumapili moja mchana, tulipotoka kanisani, alifika kaka yake mama mkwe. Ni mzee mfupi mwenye sauti ndogo sana, na kwa sababu hiyo akizungumza kila mtu hunyamaza ili amsikie. Alikuwa amevaa koti. Mke wangu alimletea sukre, soda ya chupa, baridi kabisa, naye akaisogeza pembeni bila kuifungua. Mama mkwe alitoka chumbani akakaa karibu na mlango, na miguuni pake akaweka mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa cha kikwembe.

Niseme ukweli juu ya nilichofikiri wakati ule. Nilifikiri mzee amekuja kunishukuru kwa kumtunza dada yake. Nilikuwa hata nimeshaandaa jibu la unyenyekevu, kwamba ni wajibu tu, kwamba mama ni wetu sote.

"Bokilo," alianza, kama tunavyowaita wakwe zetu huku, "dada yangu tulikomaa naye kwetu. Hajapimiwa chakula hata siku moja. Kama hapa kwako chakula haiko, sema haiko. Siye tutamubeba, ataenda kukaa Iga Barrière kwa mutoto wa ndugu yetu."

Nilimjibu kwamba chakula kipo, namshukuru Mungu, na kwamba sielewi. Akaniuliza, kwa sauti ile ile, kama nilisema au sikusema kwamba anakula mingi kupita kazi yake.

Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu, hata mpangilio wake. Kichwa changu kilikuwa kinatafuta niliyasema wapi, na mdomo, ambao haukumsubiri, ukajibu:

"Nilisema."

Mke wangu alifumba macho.

"Ulisema utamupunguzia kidogo kidogo, hata hatajua."

"Nilisema, noko, lakini..." nilianza, nikimwita mjomba kama mke wangu anavyomwita.

"Na siku ile alizunguliwa kizunguzungu pale kwenye maji, ulisema amezimia ukamurudishia kidogo, na kesho utajaribu tena."

Sikujua kwamba alikuwa amepata kizunguzungu. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alikuwa na swali moja lililomsumbua kuliko yote, na aliliuliza bila kejeli, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Ulisema akikufa utaagiza mwingine Kampala. Kule Kampala wanauzisha ba mama mukwe?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikafanya jambo baya kuliko yote niliyoyafanya katika habari hii: nilicheka. Nilicheka peke yangu, katika chumba cha watu wanne, mpaka nikasikia jinsi kicheko changu kilivyokuwa peke yake. Mama mkwe aliinama akaanza kukaza fundo la mzigo wake.

Nikarukia kompyuta. Niliiweka mezani, nikaifungua, bawaba ikalia, nikaanza kueleza habari za prosesa, umeme, joto, ziada ya kiwandani. Nilionyesha alama niliyokuwa nasogeza. Mzee aliitazama alama, akanitazama mimi, akasema kwamba yeye haoni mtu yeyote hapo. Alikuwa na haki. Mwanamume anayeshitakiwa kumnyima chakula mama mkwe wake, akikimbilia kufungua kompyuta, hata mimi nisingemwamini.

Mwishowe nilifikiria kumpigia mwenzangu wa kamera, simu ikiwa imefunguliwa sauti, bila kumwambia lolote kabla, ili isionekane nimemfundisha. Alipokea. Kabla sijamsalimu, akasema kwa sauti iliyojaa sebule yote:

"Ee, ndugu. Mama Muzee amekufa?"

Mke wangu alishika paji la uso. Mimi nilimwuliza haraka, kwa sauti iliyokuwa imepanda sana, Mama Muzee ni nani.

"Weye umelewa Jumapili hii? Mashini yako, si ile ya Kampala."

"Sema tena."

"Ordinatere yako. Iko nini huko? Imeungua?"

Nikakata simu. Mzee alinyoosha mkono, akaigusa kompyuta kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anavyopima homa ya mtoto. Akauliza kama ndiyo hii inayokula. Nikasema ndiyo, inakula kurante, yaani umeme. Akauliza kama ni kweli tumeiita jina la mama mzima. Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa taratibu, na niliona kwamba sasa ameniamini, na kwamba ukweli wangu ulikuwa umenishusha machoni pake kuliko lile shitaka la uongo.

Wakati huo wote mama mkwe hakuwa amesema neno. Sasa alisema, akitazama mlango, maana hakuwa na desturi ya kunitazama usoni.

"Mu hii nyumba muzee ni mimi peke yangu. Niliposikia jina, nilijua ni mimi."

"Mama, unisamehe," nilisema. "Haikuwa weye. Sijawai kufikiri vile."

"Nimesikia. Lakini kule kwangu hakuna mutu alihesabu kijiko yangu. Tangu nilifika hapa, mimi mwenyewe ndiye niko nahesabu. Nakula, na silimi. Kwa hiyo uliposema, sikushangaa. Nilisema tu, basi, ameona."

Mke wangu alihama kiti, akaenda kukaa chini karibu naye, akauvuta ule mzigo kwake akaanza kuufungua pole pole bila kuomba ruhusa. Mimi nilibaki nimesimama na kompyuta mikononi. Nilikuwa na maneno mengi sana wiki zote zile, kwa jirani, kwa muuza sabuni, kwa wanakwaya, na pale sikupata hata moja. Nilikuwa nimekaa na mama huyu nyumba moja, nikimvalia suruali ndefu na mikono mirefu, nikidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe, na sikuwa nimemwuliza hata siku moja anashindaje.

Mzee ndiye aliyetutoa hapo. Alifungua sukre yake hatimaye, akanywa, akatoa hukumu. Alisema anakubali kwamba bokilo wake si mtu mbaya, ni mtu wa kelele. Lakini maneno yalisemwa, masikio yaliyasikia, na mwili ulikonda.

"Mashini haiwezi kulipa mbuzi," alisema. "Weye utalipa."

Kwa hiyo nililipa mbuzi. Nilimfuata sokoni mimi mwenyewe, na kwa sababu habari ilikuwa imetangulia, kila niliyepishana naye njiani Ngezi alijua kwa nini mwanamume aliyevaa shati safi anavutana na beberu asiyetaka kutembea. Muuza sabuni alitoka nje ya duka lake kabisa. Aliniuliza kama na huyu nitampunguzia kidogo kidogo. Mbuzi aliliwa kwa wakwe, na mama mkwe alipewa nyama ya kwanza, sahani iliyojaa, sisi sote tukimtazama mpaka akatuomba tutazame pengine ili aweze kutafuna.

Jina la Mama Muzee likapigwa marufuku. Mke wangu anaiita "ile kitu". Mimi naiita mashini, na nimejifunza kusema inakula, inazimika, inaamka. Nilirudisha umeme wake juu kiasi, mahali ambapo haizimiki hata nikiipa harusi mbili mfululizo. Feni inasikika kidogo, si sana. Nilikuwa nimeushusha mno, na nadhani sababu haikuwa joto. Nilipenda tu kuwa na kitu cha kusimulia kila siku.

Mke wangu alizungumza na mwalimu mwenzake mwenye parsele, kiwanja ambacho bado hakijajengwa, mtaa wa pili kutoka kwetu, naye akakubali ilimwe mpaka atakapopata matofali. Mama mkwe huenda huko asubuhi. Kuna mboga ya lengalenga sasa, na vitunguu, na anarudi mchana na matope miguuni akiwa na njaa, anakula bila kusema ameshiba. Siku moja niliona amejiongezea sombe mwenyewe kutoka kwenye sufuria. Nilijifanya naangalia simu.

Mchana anapopumzika, siku hizi hakai tena chini ya dirisha, huingia sebuleni. Amezoea kutazama filamu ninazotengeneza, na ana maoni juu ya karibu kila bibi arusi. Majuzi nilikuwa na harusi ya upande wa Iga Barrière, nashughulikia mahali ambapo wanawake wanacheza wakimsindikiza bibi arusi kutoka nyumbani. Ghafla akasema nisimamishe. Nikasimamisha. Akasogea karibu na skrini, nami nikadhani ameona ndugu, au mtu aliyepotea siku za vita. Nilimwuliza taratibu ni nani.

Hakuwa anatazama watu. Alikuwa anatazama nyuma yao, shamba la mahindi lililotokea kwenye kona.

"Wamepanda karibu karibu," alisema. "Hii haitabeba kitu. Uwaambie watoe moja mu kati ya mbili."

Nilimwahidi kwamba nitawaambia. Tukakaa tunalitazama lile shamba, yeye akinionyesha kwa kidole mistari iliyobanana, mimi nikiwa nimesahau kabisa rangi za nguo ya bibi arusi. Bwana arusi alipokuja kuchukua filamu yake, nilimpa ujumbe kama ulivyo. Alikunja uso, nikadhani nimemkosea. Kisha akasema shamba lile ni la baba yake, na kwamba mama yake amekuwa akimwambia baba vile vile kila msimu, lakini muzee hasikii.